Demani Mkononi mwa Mtoto, Kanga Mkononi mwa Mzazi

Nilikuwa na miaka 11 nilipoachiwa ngalawa peke yangu mara ya kwanza, na siku hiyo nusura nisirudi nayo. Ilikuwa Jambiani, mwambao wa mashariki wa Unguja, mwaka 1995, siku ya bamvua. Saa kumi na moja jioni, maji yameshaanza kupwa, mjomba wangu aliyenifunza aliisukuma ngalawa mpaka maji ya kiuno, akaniambia, "Haya, bahari ndiyo hiyo."

Pwani walisimama wanaume wanne. Mmoja alipiga kelele nivute demani, kamba ya kulishikia tanga. Wa pili alitaka nilegeze. Wa tatu aliniambia nigeuze, wa nne niteremshe tanga kabisa. Nikawatii wote. Nilipomaliza kuwatii, tanga lilikuwa likipigapiga ovyo, omo, yaani mbele ya chombo, imegeukia nisikotaka, na mkondo unanikokota kwenda kwenye mlango wa mwamba, pale maji ya ndani yanapotokea kwenda bahari kuu. Kilichoniokoa ni jiwe. Tengo la kushoto, ule ubao wa pembeni, lilinasa, likavunjika, na ngalawa ikakaa juu ya mwamba mpaka mvuvi aliyekuwa akirejea akanifungia kamba.

Mama hakunipiga. Aliningoja nivae nguo kavu, ninywe uji, ndipo akaniuliza: "Nahodha alikuwa nani leo?"

"Sijui, mama."

"Basi ndiyo sababu."

Methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama nilikuwa nimeisikia darasani mara nyingi. Siku ile niliielewa.

Mama hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alikuwa mkulima wa mwani, kazi iliyoanza mwambao ule mwaka 1989 na kushikwa zaidi na wanawake. Lakini yeye ndiye aliyeniwezesha kwenda na tanga peke yangu, na njia yake ndiyo niliyoifuata kwa binti yangu, ambaye sasa ana miaka 12. Naiandika kwa mzazi yeyote ambaye mtoto wake anaitazama bahari kwa hamu: mwenye chombo na asiye nacho, anayejua tanga na asiyejua. Kiini chake ni hiki: maneno ya mzazi yana wakati wake, na wakati huo ni kabla chombo hakijaondoka. Kikishaondoka, nahodha ni mmoja.

Kwanza maji

Watoto wengi wa pwani hucheza ufukweni tangu wanapoanza kutembea, na wazazi hudhani wanajua kuogelea. Kurukaruka kwenye maji ya kifua si kuogelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu nusu yao hawakufika miaka 30. Kwa hiyo usimpe mtoto kamba ya tanga kabla hujamwona ndani ya maji yanayompita kimo.

Kipimo changu ni cha nyumbani tu. Aogelee mita 50 akiwa na nguo zake za kawaida, kisha aelee chali kwa dakika 10 bila kushika kitu. Hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Anayejua kuelea anapata muda wa kufikiri, na majini kinachoua haraka ni papara. Akishaweza yote mawili, bado avae jaketi la kuokolea, alifunge vizuri, hata siku ya shwari, hata wenzake wakimcheka. Nawe mkiwa pamoja vaa lako, kwa sababu atafuata anachokiona.

Kama mtoto ni wa kike, maneno yatakuja: atavaa nini, nani atamfundisha, ataonekana na nani. Nimeyasikia yote. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, Mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima, na walimu wakiwa wanawake. Sitara na usalama vinakwenda pamoja pale watu wanapotaka. Bahari haimuulizi anayezama kama ni wa kiume au wa kike.

Soma naye maji

Kabla hajaniruhusu kuigusa tena ngalawa, mama alinipeleka shambani kwake. Alichomeka kijiti penye maji machache, akanipa kisu, akaniambia nikate alama kila nusu saa maji yanapofika. Nilidhani ananiadhibu. Maji yalipojaa na kupwa tena, nilikiangalia kile kijiti: alama za mwanzo zimekaribiana, za katikati zimeachana sana, za mwisho zimekaribiana tena. Hakunieleza neno, na mimi sijasahau mpaka leo kwamba maji hukimbia zaidi saa ya tatu na ya nne baada ya kuanza kujaa au kupwa. Mfanyie mwanao kitu hichohicho. Kijiti ni bure.

Kisha mfundishe kuhesabu mwezi. Kwetu Unguja, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi na kupwa kama saa nne, mchana na usiku. Hizo ndizo siku za bamvua: maji huenda mbali na kurudi kwa nguvu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya siku saba mambo yamepinduka: maji hujaa kama saa nne na kupwa kama saa kumi, na mwendo wake ni mpole. Hayo ndiyo maji mafu.

Mtoto aanzie siku za maji mafu, asubuhi, maji yakiwa yanajaa. Saa hizo upepo kwa kawaida bado haujashika nguvu. Mkondo ni dhaifu. Na akikwama kwenye fungu, maji yenyewe yatamnyanyua, na yanamsogeza nyumbani badala ya kumtoa nje. Mimi nilipelekwa kinyume cha yote hayo: bamvua, jioni, maji yakipwa. Mjomba alijua bahari kuliko mama, lakini alisahau kuitazama kwa macho ya mwanafunzi.

Baada ya maji, upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba au Oktoba, na miezi ya Juni na Julai huwa kali. Kati ya misimu hiyo kuna siku za upepo mdogo unaobadilikabadilika, na hizo zinamfaa anayeanza. Lakini jambo kubwa kuliko msimu ni swali hili: je, upepo wa leo, ukimwachia, utampeleka wapi? Mwambao wa mashariki wa Unguja, kusi na kaskazi zote huja zikitokea upande wa bahari kwa mshazari, kwa hiyo chombo kilichoteremsha tanga kitasukumwa pwani. Upande wa magharibi wa kisiwa kusi hutoka nchi kavu, na chombo kilekile kitasukumwa kwenda mbali. Siku ambayo upepo unatoka nchi kavu si siku ya mtoto kuwa peke yake.

Sikiliza pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, hata wavuvi wazima hubaki pwani. Ninyi mlio kando ya Ziwa Victoria au Tanganyika hamna kujaa na kupwa kwa kuhesabu, ila mna dhoruba za ghafla. Kwenu kijiti cha mama kinageuka kuwa wingu: mfundishe mtoto kulitazama na kukuambia linakoelekea kabla wewe hujamwambia.

Chombo cha kadiri yake

Ngalawa ya kuvulia ina uzito wa watu wazima. Foromali yake, mti unaobeba tanga, humlemea mtoto, na kuivuta nchi kavu peke yake hawezi. Ukiwa na fundi kijijini, tafuta ngalawa ndogo ambayo mwanao anaweza kutweka na kutua tanga lake bila kusaidiwa. Asichoweza kukiteremsha peke yake, asikipandishe peke yake.

Kwenye vilabu vya tanga, kama kile cha Dar es Salaam, utakuta vijiboti viitwavyo Optimist. Clark Mills alikichora chombo hicho Florida, Marekani, mwaka 1947, kwa ajili ya watoto, na leo kinatumika duniani kote kwa watoto wa mpaka miaka 15. Urefu wake ni mita 2.3, uzito kilo 35 hivi, tanga moja, usukani mmoja, nafasi ya mtoto mmoja. Nakitaja kwa sababu kimejengwa juu ya wazo ambalo wazazi wengi wanaliogopa: kwamba mtoto anajifunza vizuri zaidi akiwa hana wa kumwegemea chomboni. Akikosea, chombo kinamjibu papo hapo, bila hasira.

Chochote mtakachokichagua, kagueni pamoja kila safari: kamba zilizoanza kuchanika, pini za usukani, fundo la goshi, kafi, kopo la kufulia maji, nanga ndogo na kamba yake. Yeye ndiye aguse na kutaja, wewe usikilize.

Demani haifungwi

Mafunzo ya tanga yana mengi, lakini kwa mtoto anayeanza yanatosha matatu.

La kwanza ni demani. Kamba hii ndiyo inayolishika tanga dhidi ya upepo, na kwa hiyo ndiyo breki. Ukiivuta, chombo kinapata nguvu. Ukiilegeza, upepo unamwagika na chombo kinatulia. Mtoto aikamate mkononi muda wote. Asiifunge popote, hata mkono ukichoka, hata akiona mtu mzima anafanya hivyo. Mwambie hivi mpaka alote: ukishikwa na wasiwasi, legeza demani. Hana haja ya kukumbuka jambo jingine katika dakika hiyo.

La pili ni kujua upepo unatoka wapi bila kutazama bendera. Mfumbe macho pwani, mzungushe mara tatu, mwambie aelekeze uso goshini, kule upepo unakotoka. Masikio yote mawili yakisikia upepo sawasawa, ameupata. Ni mchezo, na watoto huupenda.

La tatu ni kubisha. Chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja kunakotoka upepo. Hupanda kwa mshazari, mara kulia, mara kushoto, kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kupindapinda. Ndipo kanuni ya safari ya kwanza inapozaliwa: aanze kwa kubisha, akiwa na nguvu na akili mpya, ili kurudi kuwe rahisi. Anayeanza kwa kusukumwa na upepo hufurahi, kisha akigeuka hugundua kwamba nyumbani kumekuwa mbali.

Pinduka kwa makusudi

Siku moja ya joto, penye maji ya kifua, kipindueni chombo wenyewe. Kijazeni maji. Mtoto aone kwamba hakizami. Ateremshe tanga, afue maji, apande tena, mara tano, mara kumi, mpaka achoke kwa kucheka. Kama ni Optimist, asimame juu ya ule ubao wa katikati unaotokeza chini, akivute kiinuke. Fanya naye zoezi hili hata kama wewe mwenyewe unaogopa maji. Simama naye pale yanapokufika kiunoni.

Kisha mwapishe jambo moja: kokote aliko, likitokea lolote, asikiache chombo kwenda kuogelea pwani. Chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali. Kichwa cha mtoto kati ya mawimbi hakionekani. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo.

Kumwachia kwa ngazi

Usimtoe mtoto kutoka mapajani hadi bahari tupu kwa siku moja. Mwanzo wewe, au yule anayejua, ashike usukani na mtoto ashike demani. Baadaye mbadilishane. Ngazi ya tatu ndiyo ngumu: yeye ana vyote viwili, nawe umekaa katikati kama gunia la mchanga, husemi. Akikosea, hesabu moja mpaka ishirini kimoyomoyo. Mara nyingi kabla hujafika ishirini atakuwa ameshajirekebisha. Ikiwa kuna hatari ya kweli, sema neno moja tu: "Demani."

Ngazi ya nne, yeye peke yake na wewe kwenye chombo kingine, nyuma yake, si pembeni. Ya tano, wewe uko pwani. Kati ya ngazi na ngazi usiweke tarehe. Binti yangu alikaa kwenye ngazi ya tatu miezi minne, kisha siku moja akaniambia, "Baba, leo wewe ni mzito, shuka." Nilishuka.

Mzazi asiyejua tanga kabisa anaweza kupanda ngazi hizi zote. Mafunzo ya mkono amwachie mjomba, mvuvi anayeaminika au mwalimu wa klabu. Kazi yake yeye ni kuulizia, kukagua, na kukataa. Mama yangu alimkatalia kaka yake mara nyingi: leo maji hayafai, leo upepo haufai. Kukataa siku mbaya ni sehemu ya kumtia moyo, kwa sababu ndiko kunakoifanya ruhusa ya siku nzuri iaminike.

Kanga moja tu

Siku yangu ya kwenda tena peke yangu, mama alikuja pwani na kanga nyekundu. Akaniambia: "Hapa hakuna atakayesema. Ukiiona kanga hii juu ya mti, rudi. Usipoiona, endelea. Na usiende mahali ambapo huwezi kuiona." Kisha akawageukia wale wanaume wa siku ile, mjomba akiwemo, akawaomba kwa heshima wakae. Wakakaa.

Ukitazama vizuri, kanga ile ina mambo matatu. Ina mpaka: umbali wa jicho, si zaidi. Ina amri moja ambayo haichanganyi mtu. Na inamwachia mtoto kila kitu kingine. Haimwambii arudi vipi, ageuze wapi, avute kamba gani. Hayo ni ya nahodha.

Kunyamaza si kuzembea. Siku hiyo kiwepo chombo cha pili, tayari majini, na mtu mwenye nguvu wa kukiendesha. Kubalianeni saa ya kurudi, na maji yawe bado yanajaa saa hiyo. Mtu mmoja asimtoe mtoto machoni hata kidogo: hakuna simu, hakuna mazungumzo. Maandalizi yote haya yamewekwa ili uweze kufunga mdomo. Asiyejiandaa hulazimika kupiga kelele.

Hofu ni yako, usimtwike

Utaogopa. Sijaona mzazi asiyeogopa. Mwaka 2009 Uholanzi nzima iliijadili hofu hiyo, pale msichana wa miaka 13, Laura Dekker, aliposema anataka kuizunguka dunia peke yake kwa tanga. Baba yake alimuunga mkono. Mahakama iliingilia, ikauweka ulezi wake chini ya usimamizi wa ofisi ya watoto, na hakuruhusiwa kuondoka mpaka Julai 2010, alipokuwa na chombo kikubwa zaidi na maandalizi zaidi. Aliondoka akiwa na miaka 14, akakamilisha safari yake katika kisiwa cha Sint Maarten tarehe 21 Januari 2012, akiwa na miaka 16.

Sisemi mtoto wako aende huko, na mimi nisingempeleka wangu. Ninachojifunza ni kwamba hofu ya watu wazima inapogeuzwa kuwa masharti, yaani chombo gani, mafunzo gani, siku gani, inamjenga mtoto. Inapobaki kuwa kilio na makemeo, inampunguzia akili wakati anapoihitaji. Kwa hiyo iandike hofu yako. Unaogopa azame? Andika: jaketi, kuelea, kupinduka kwa makusudi. Unaogopa achukuliwe na mkondo? Andika: maji mafu, asubuhi, yakijaa. Usiloweza kuliandikia sharti, mwombee, kisha liache.

Akirudi, usianze na makosa. Muulize kwanza nahodha alikuwa nani. Kisha muulize ni wapi aliogopa, na alifanya nini. Kosa atakalolitaja mwenyewe hatalirudia. Ulilomtajia wewe atalijengea utetezi.

Mwezi wa Novemba uliopita, siku ya maji mafu, binti yangu alitoka peke yake. Mama yangu, ambaye sasa hatembei mbali, tulimwekea kiti chini ya mnazi. Mimi nilikuwa na kanga mkononi. Mtoto alipokuwa mbali kama mita 300, upepo ulikaza ghafla na maji yakabadilika rangi. Niliinua kanga nusu. Mama akanishika mkono, akasema, "Bado." Nilihesabu. Nilipofika kumi na nne, tanga lililegea, omo ikapanda upepo polepole, chombo kikasimama wima. Alingoja pale mpaka upepo ukapungua, kisha akabisha tena mara mbili kabla ya kugeuka.

Alipofika mchangani hakunitazama mimi. Alikwenda kwa bibi yake, akampa shikamoo, maji yakimtiririka.

"Marahaba. Nahodha alikuwa nani leo?"

Hakujibu kwa neno moja. Alipiga magoti kwenye mchanga, akachora kwa kidole pwani, mwamba na mshale wa upepo, akaanza kutuonyesha mahali alipolegeza demani na kwa nini. Kanga niliirudisha nyumbani ikiwa imekunjwa.